Mlima ulipojaa tulishuka tambarare. Dunia ikijaa tutashukia wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nimemaliza chuo mwaka jana na bado natafuta kazi. Mwezi uliopita nilihudhuria semina Arusha. Mtoa mada, mgeni kutoka Ulaya, alisema dunia haitapona kama nchi zitaendelea kukuza uchumi, na kwamba lazima tufike mahali tuseme basi, inatosha. Niliporudi nyumbani nikamsimulia baba, ambaye analima kahawa na ndizi. Akanijibu, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Waambie waanze wao." Nimebaki katikati. Nani yuko sahihi? Na sisi vijana tunaoomba viwanda na ajira, tunaomba kitu kibaya?

Jibu: Marahaba binti yangu, na umfikishie baba yako salamu zangu.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Kuhusu nani apunguze, baba yako yuko sahihi na hesabu za dunia zinamuunga mkono. Kuhusu kuwapo kwa ukomo, mgeni wenu yuko sahihi. Lakini wote wawili wanauzungumzia ukomo kana kwamba uko mbali, Ulaya au angani. Ukomo utakaokugusa wewe uko kwenye mto Weruweru, na tayari kuna watu wanaoamua nani apate maji na nani akose. Nyumbani kwenu huenda hamjawahi kuulizwa.

Nguvu ya hoja ya mgeni iko kwenye hesabu. Uchumi unaokua kwa asilimia 7 kila mwaka huwa mara mbili baada ya miaka 10 hivi. Ukikua kwa asilimia 3, huchukua miaka kama 23. Kisha ule uliokwisha kuwa mara mbili nao hujizidisha tena. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inataka uchumi wetu ufike dola trilioni 1, na wastani wa kipato cha kila mtu ufike dola 7,000. Huo ni uchumi wa zaidi ya mara kumi ya huu wa leo. Lengo hilo silipingi. Ila naishi chini ya mlima, na kila ninapolisoma hunijia swali la mkulima: je, Weruweru nao utakuwa mara kumi?

Ni lazima pia ujue kinachohesabiwa. Bibi yako alipokwenda chemchemini akarudi na ndoo ya maji safi kichwani, pato la taifa halikuongezeka hata senti. Chemchemi ile ikikauka kwa sababu miti ya juu yake imekatwa, mbao zikauzwa, kisha ninyi mkaanza kununua maji ya chupa, pato la taifa limepanda kwa njia mbili: kwa mbao na kwa chupa. Kwenye vitabu mmekuwa matajiri zaidi. Jambo hili si jipya. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kuandaa hesabu za pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kujulikana kwa kutazama kipimo hicho. Onyo likasahaulika, kipimo kikabaki, na leo mawaziri wa fedha duniani kote hukisoma kama daktari anavyosoma joto la mgonjwa.

Mjadala wenyewe ulishika moto mwaka 1972. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, akiwamo Donella Meadows, waliandika ripoti kwa ajili ya Klabu ya Roma, kundi la wanasayansi, wachumi na viongozi, wakitumia kompyuta kutazama idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na rasilimali kwa pamoja. Walisema mwendo wa wakati ule ukiendelea bila kubadilika, dunia itagonga ukomo wake ndani ya miaka 100. Wengi wanadai ripoti ile ilitabiri mafuta yataisha kabla ya mwaka 2000 na hivyo ikaumbuka. Haikutabiri hivyo. Ilichora njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa ya binadamu kujirekebisha mapema na kuishi vizuri.

Wapinzani walijibu kwamba kitu kikiadimika bei hupanda, bei ikipanda watu hubuni mbadala. Mwaka 1980 mchumi Julian Simon aliwekeana dau na mwanabiolojia Paul Ehrlich kuhusu bei za metali tano: shaba, nikeli, bati, kromiamu na tangsteni. Ehrlich alisema zitapanda ndani ya miaka kumi. Zilishuka, naye akalipa. Kwa maoni yangu Ehrlich alichagua uwanja mbaya. Shaba ina mwenyewe, ina soko, ina bei inayopiga kelele ikipungua. Hewa haina mwenyewe. Mto unaopita mashamba ya watu elfu hauna bei inayopanda Septemba, wakati wa kiangazi, ili kumwambia mtu wa juu afunge banio, yaani mlango wa kuchepushia maji shambani. Soko linaweza kutuokoa na upungufu wa bati. Upungufu wa maji wa Septemba haulihusu.

Sasa kwa baba yako. Mtanzania wa kawaida, ukihesabu mafuta, makaa ya mawe na gesi, anatoa chini ya theluthi moja ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani wa kawaida anatoa tani 14 hivi. Kumwambia mkulima wa Kibosho na mwenye magari mawili wa Houston kwamba "sisi sote tupunguze" ni kuwaonea watu kwa kutumia neno "sote". Na ukiwasoma kwa makini wanaotetea kupunguza ukuaji, wengi wao hawasemi hivyo. Wanasema nchi tajiri zipunguze matumizi ya nishati na malighafi, ili nchi maskini zipate nafasi ya kujenga zahanati, reli na nyumba. Kate Raworth, mchumi Mwingereza aliyechora uchumi kama duara lenye kingo mbili, ya ndani ikiwa mahitaji ya lazima ya kila mtu na ya nje ikiwa uwezo wa dunia, alifanya kazi Zanzibar miaka ya 1990 na wajasiriamali wadogo. Kingo ya ndani ya duara lile ni muhimu sawa na ya nje. Kama mgeni wenu aliieleza ya nje tu, alieleza nusu ya jambo.

Ndiyo maana maneno haya yakivuka bahari huzua hasira. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Hoja zake kuhusu fidia za ardhi na wanyamapori zilistahili kujibiwa hoja kwa hoja. Lakini huku kwetu watu wengi walisikia jambo moja: waliokwisha kuchoma mafuta kwa zaidi ya karne wanatufungia mlango. Hasira hiyo naielewa, ingawa naamini haitoshi kuwa sera. Kuwa na haki ya kuchelewa kuacha mafuta hakumaanishi kwamba mafuta yatatufaa.

Wengine watakwambia hakuna haja ya ugomvi wote huu, kwa kuwa uchumi unaweza kukua huku uchafuzi ukipungua. Kwa sehemu ni kweli. Uingereza imepunguza gesijoto zinazotoka ndani ya mipaka yake kwa nusu hivi tangu 1990, na uchumi wake umekua. Sehemu ya viwanda vyake imehamia nchi nyingine na moshi umehama navyo, lakini hata ukiliondoa hilo bado kuna mafanikio ya kweli. Kwenye malighafi hali ni nyingine. Mchanga, mawe, madini, mafuta na mazao ambayo dunia nzima huchimba na kuvuna yalikuwa tani bilioni 30 hivi mwaka 1970. Sasa yamepita tani bilioni 100. Sijaona bado dunia ikikua kiuchumi huku ikichimba kidogo.

Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwa mtu aliyeliishi. Vijana wengine wakisikia "tupunguze ukuaji" huona picha ya maisha tulivu ya kijijini. Mimi nilikuwa kijana miaka ya mwanzo ya 1980, uchumi wetu uliposimama. Tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Mama alifua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwapo dukani. Ukienda hospitali unaandikiwa dawa, unaambiwa ukaitafute, na huipati popote. Nchi inayokosa ukuaji bila kupanga, na bila kuwa imeshiba kwanza, huumia kwa wagonjwa, wajawazito na watoto. Kwa hiyo mtu yeyote asikufanye uone aibu kuomba kazi.

Tena hapo Arusha mliposemea maneno hayo ndipo lilipopitishwa Azimio la mwaka 1967, lililosema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwa msingi. Waliandika hayo kwa sababu za kujitegemea, hawakuwa na mlima unaokauka akilini. Lakini mtu akisema kuhoji fedha kama kipimo cha maendeleo ni wazo la Wazungu, mkumbushe.

Turudi mlimani sasa, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mababu zetu waliishi na ukomo na walikuwa na chombo cha kuuendesha: mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga. Waliochimba mfongo ndio wenye maji yake, na maji yaligawanywa kwa zamu chini ya mzee wa mfongo. Asiyefika siku ya kuusafisha alilipa faini au alikosa zamu. Majirani zetu Wapare walikuwa na ndiva zao, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku, na kazi ya pamoja waliyoiita msaragambo. Sitaki tuutukuze mfumo ule kupita kiasi. Wanawake ndio waliobeba maji lakini hawakuwa na sauti katika baraza la mfongo, na ukoo wenye nguvu ulijipa zamu nzuri. Lakini kila mtu alijua mambo mawili: maji yana kiasi, na kiasi hicho kina utaratibu wa kugawanywa. Leo tuna hodhi, pampu na visima virefu, na mengi ya hayo hayana zamu ya mtu yeyote.

Kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, nacho kilikuwa na ukomo. Babu aligawia wanawe, wanawe wakagawia wajukuu, hadi kihamba kikawa migomba michache na kaburi. Mlima ulipojaa, tulishuka. Tulilima tambarare, tukaenda Arusha, Dar es Salaam na popote penye duka la kufungua. Ndiyo maana Desemba barabara ya kuja Moshi hujaa magari. Tulifanya kile ambacho Wazungu walikifanya kwa ukubwa zaidi kuliko sisi: ukikuta ukomo kwako, unahamia kwa mwingine. Wao walihamia Amerika, Australia na mashamba ya kwetu. Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934 kwa sensa ya 2022, na ungekuwa umekwisha kufurika kama kusingekuwa na pa kushukia. Dunia haina tambarare yake ya kushukia. Hoja nzima ya mgeni wenu iko hapo, na kwa mtu wa Kibosho ingetosha kuelezwa hivyo.

Na tambarare yenyewe? Tazama Lower Moshi. Mradi ule wa umwagiliaji ulijengwa kwa ushirikiano na Japani, ukakamilika 1987, ukitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Ulileta mpunga wa kisasa na mavuno yalikuwa makubwa kuliko watu walivyowahi kuona. Wakulima wa juu ya banio, waliokuwa nje ya mradi, wakaona faida, nao wakaanza kulima mpunga. Nani awalaumu? Maji yalikuwa yanapita mbele yao. Haikupita miaka mingi maji yaliyofika kwenye mifereji ya mradi yakapungua, na sehemu ya mashamba yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa ikakosa mpunga. Hakuna aliyefanya uovu pale. Kila mmoja alikuza uchumi wake. Mwanafunzi akiniuliza ukomo wa ukuaji ni nini, simpeleki kwenye ripoti ya 1972, nampeleka Mabogini, kwenye mashamba ya mradi ule.

Watu husema suluhisho ni kubana matumizi, kwa mfano kujengea mfereji kwa saruji ili maji yasipotee njiani. Ni jambo jema, nimeliunga mkono mara nyingi. Lakini nimeona pia maji yaliyookolewa yakifungua shamba jipya badala ya kubaki mtoni. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliona hivyohivyo kwa makaa ya mawe: mashine zilipotumia makaa machache kwa kazi ileile, nchi ikaishia kutumia makaa mengi zaidi. Kubana matumizi bila kuweka kiasi cha mwisho ni kumpa mwenye kiu kikombe kikubwa zaidi.

Jambo moja nilisahihishe hapa kwa sababu nalisikia kila mahali, hata kwenye hotuba. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2007, na inasikitisha kuitazama. Lakini mito yetu haitegemei barafu kwa kiasi kikubwa. Maji ya chemchemi hutoka zaidi kwenye mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu wa mlima. Kwa hiyo moto na panga msituni vinayagusa maji yenu moja kwa moja. Barafu ikiisha, tutapoteza uzuri na watalii kiasi. Msitu ukiisha, mji wa Moshi na bwawa la Nyumba ya Mungu vitakosa maji.

Kumbe ukomo tunao hata kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga hivi: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, kisha ndipo shughuli za kiuchumi kadiri maji yanavyopatikana. Soma mpangilio huo mara mbili. Bunge letu lenyewe liliweka uchumi nafasi ya tatu. Tukiugeuza mpangilio huo mtoni, hatuwezi kusema tunakataa mawazo ya kigeni. Tunavunja sheria yetu.

Hapa ndipo siasa inapoanza, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ukomo usiogawanywa kwa haki humwangukia mnyonge. Mkaa ukipigwa vita kabla mtungi wa gesi haujawa rahisi, anayeumia ni mama lishe. Tangu 2022 familia za wafugaji zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na wakazi wengi na watetezi wao wakilipinga hilo. Uamue utakavyoamua kuhusu jambo lile, angalia aliyeombwa apishe. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilishika, kwa sababu iliwabana wenye viwanda na wenye maduka pamoja, na vifuko mbadala vilikuwapo sokoni. Kwa hiyo mtu akiniletea neno "ukomo", namuuliza kwanza: wa nani?

Sasa kuhusu viwanda na ajira. Omba, lakini jifunze kuuliza kinachokua. Kahawa nyingi ya nchi hii huuzwa nje ikiwa mbichi, haijakaangwa. Kahawa ileile ya baba yako, kwenye kihamba kilekile, kwa mvua ileile, ingeleta fedha na kazi zaidi kama ingekaangwa, ikasagwa na kufungashwa Moshi. Huo ni ukuaji ambao mlima unaweza kuubeba. Karakana za kutengeneza pampu na pikipiki, walimu, wauguzi, mafundi wa umeme wa jua, hao wote hukuza uchumi na kunywa maji kidogo. Kiwanda au shamba kubwa linaloomba kibali cha maji mengi wakati wa kiangazi ni kitu kingine, hata kama namba ya ajira kwenye bango ni nzuri. Waulize wanaokileta: lita ngapi kwa sekunde, mwezi gani, maji machafu yataelekea wapi, na kazi ngapi zitabaki baada ya ujenzi kwisha.

Wewe una muda na una elimu. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapohapo Moshi. Nenda na baba yako, aliye mtumiaji wa maji kuliko wewe, mkaombe kuonyeshwa vibali vilivyotolewa kwenye mto wenu na kiasi cha kila kimoja. Ulizeni jumuiya ya watumia maji yenu hukutana lini na nani anawasemea watu wa Kibosho. Kisha Septemba, kabla ya vuli, shukeni hadi kwenye daraja mtazame kilichobaki mtoni mkiwa na karatasi ile mkononi. Ukimaliza, niandikie ulichokikuta, na uandike jina la kila banio na nani analitumia.